Mlokole, siasa na haki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma na Tabora

Maswali haya tumeyapokea katika vikundi vya nyumbani, semina za vijana na simu za usiku kutoka kwa wapendwa wa Tabora mjini, Urambo, Nzega, Kasulu na Kigoma Ujiji. Mengine huibuka kila uchaguzi unapokaribia, mengine hayana msimu. Tunaojibu ni walokole, kwa hiyo katika mambo ya imani tuna upande wetu. Katika mambo ya vyama tumekaa nje, na swali la 8 linaeleza sababu. Jibu likikupeleka kwenye namba nyingine, ifuate; hatukutaka kurudia maneno.

## Utambulisho

1. Mlokole ni nani hasa?

Mtaani jibu ni jepesi: ni yule aliyeokoka, hanywi pombe, anasalimia "Bwana Yesu asifiwe" na Ijumaa yuko kwenye mkesha. Hiyo ni sura ya nje. Mwaka 1989 mwanahistoria Mwingereza David Bebbington alitaja alama nne ambazo wasomi wengi bado wanazitumia kuwatambua Wakristo wa namna hii popote walipo. Wanasisitiza kuzaliwa mara ya pili. Wanaiheshimu Biblia kama neno la mwisho. Wanauweka msalaba wa Kristo katikati ya wokovu. Na wanaamini imani lazima ionekane kwa matendo, kuhubiri na kutumika.

Huku kwetu jina lenyewe lilikuja na uamsho wa miaka ya 1930, uliowaka Gahini nchini Rwanda na Uganda, ukaingia Burundi na Bukoba. Baadaye Wapentekoste nao wakaanza kuitwa hivyo. Katika alama zile nne hakuna inayotaja chama cha siasa, kabila wala taifa. Tafadhali likumbuke hilo utakapofika swali la 3.

2. Je, Mlutheri, Mmoravian au Mkatoliki anaweza kuwa mlokole?

Ndiyo. Alama za swali la 1 zinakata katikati ya madhehebu. Neno "Kiinjili" katika jina la KKKT ni urithi wa Ujerumani na maana yake huko ni Uprotestanti kwa jumla. Ndani ya kanisa hilo wapo walokole na wapo wasiojiita hivyo. Kwa Wakatoliki wako Wakarismatiki, ambao sala zao jioni ukizisikia kwa mbali huwezi kusema mara moja uko kanisa gani.

3. Naona kwenye simu walokole wa Marekani wakipigania chama kimoja. Nami nimo?

Hapana. Swali hili linaulizwa sana na vijana wa Isevya na Mwanga, kwa sababu mahubiri ya huko sasa yanafika na tafsiri ya Kiswahili kabla hata ya mahubiri ya jirani.

Ni kweli kwamba mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell aliasisi jumuiya iliyoitwa Moral Majority ili kuwakusanya Wakristo wahafidhina katika siasa, na tangu wakati huo wazungu wengi wanaojiita hivyo wameegemea chama cha Republican. Mwaka 2016 kura za maoni zilizokusanywa vituoni zilionyesha kwamba takriban wanane kati ya kumi walimpigia Donald Trump. Lakini Wakristo weusi wa nchi hiyohiyo, wengi wao wakiwa na alama zote nne, kwa miongo mingi wamekipigia kwa wingi chama pinzani. Hata wazungu hawakuwa kitu kimoja: Desemba 2019 jarida la Christianity Today, lililoanzishwa na Billy Graham, lilichapisha tahariri ya mhariri wake Mark Galli ikitaka Trump aondolewe madarakani.

Nyuma ya hayo kuna historia ya rangi. Muungano mkubwa wa Wabatisti wa Kusini ulizaliwa mwaka 1845 kwa sababu ya ugomvi juu ya utumwa, wao wakiwa upande wa wenye watumwa, na ulikuja kuomba radhi mwaka 1995. Hayo ni madeni yao na wanayalipa wenyewe. Mtu wa Sikonge anayechukua hasira za Texas na kuzipandisha madhabahuni amebeba mzigo usio na anwani. Cha kusikitisha ni kwamba anajua jina la hakimu wa mahakama kuu ya Marekani na hamjui mwenyekiti wa baraza la ardhi la kata yake.

## Injili na haki

4. Kazi ya kanisa si kuokoa roho? Haki za watu si kazi ya serikali na mashirika?

Wanaouliza hivi kwa kawaida wana hofu ya kweli: wameona makanisa yaliyoanza na miradi yakaishia kuwa ofisi za miradi, toba haitajwi tena. Mwaka 2018 kundi la wachungaji wa Marekani, John MacArthur akiwa mmojawapo, lilitoa tamko likionya kwamba harakati za haki ya kijamii zinaweza kuipindua injili. Onyo lina uzito wake. Kristo hakufa ili tuwe na kamati.

Ila jambo hili walokole wa dunia walishalizungumza kwa urefu. Julai 1974 walikutana Lausanne, Uswisi, watu zaidi ya 2,000 kutoka nchi kama 150. Waliolibana swali hili walikuwa watu wa kusini: René Padilla wa Ekuado na Samuel Escobar wa Peru, ambao walisema waziwazi kwamba injili inayomwacha maskini alipo ni injili nusu. John Stott wa Uingereza aliongoza uandishi wa Agano la Lausanne, na kifungu chake cha 5 kinakiri kwamba waliotangulia walikosea kutenganisha uinjilisti na wajibu kwa jamii, kisha kinasema vyote viwili ni sehemu ya wajibu wa Mkristo. Kifungu hichohicho kinaongeza kwamba kupatana kwa watu si kupatana na Mungu, na ukombozi wa kisiasa si wokovu. Katibu mtendaji wa kwanza wa harakati iliyotokana na mkutano huo alikuwa Mwafrika, Gottfried Osei-Mensah wa Ghana.

Maandiko nayo hayakuanza Lausanne. Isaya 1:17, Mika 6:8, Luka 4:18 na Yakobo 5:4 yalikuwepo. Ukisoma Amosi mara moja kwa mkupuo, utajiuliza tumewezaje kuhubiri miaka yote hii bila kumgusa.

5. Hili la kuchanganya injili na haki si jambo jipya lililoletwa na wafadhili?

Kwa mikoa yetu hii ni la zamani kuliko kanisa lolote lililosimama leo. Njia ya misafara kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watu. David Livingstone, aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871 na kukaa Kwihara mwaka uliofuata, aliandika barua juu ya biashara hiyo zilizowasha moto Uingereza, ambako walokole wa kizazi cha William Wilberforce walikuwa wamepigania sheria ya mwaka 1807 dhidi ya biashara ya watumwa.

London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na mwaka uliofuata Dk. Ebenezer Southon akafungua kazi Urambo kwa Mtemi Mirambo. Mtemi alitaka daktari, na Southon alitibu na kuhubiri mpaka alipofariki mwaka 1882. Wamoravian waliipokea Urambo mwaka 1898. Wamisionari wa Afrika wa Kikatoliki nao walifika miaka hiyohiyo, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, mwaka 1888 alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa.

Tusiwapake sukari. Wamisionari wengi walishirikiana na wakoloni, na vijiji vya watoto waliokombolewa vilikuwa na amri zake kali. Lakini urithi wa kuhubiri na kutibu kwa mkono uleule uko wazi: hospitali ya Nkinga ni ya Wapentekoste wa FPCT, Sikonge ni ya Wamoravian, Heri ni ya Waadventista, Kabanga na Ndala ni za Wakatoliki. Mama aliyejifungua salama Nkinga haulizi kama ile ni injili au ni huduma.

6. Kama kuokoka kunatosha, Rwanda ilikuwaje?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa Kasulu na Kibondo, ambako watu walipokea waliokimbia. Rwanda ndiko uamsho ulikowaka, na kufikia mwaka 1994 wananchi wake wengi sana walikuwa Wakristo waliobatizwa. Watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata na Nyange, na baadhi ya viongozi wa dini walihukumiwa baadaye kwa kushiriki.

Wapo walokole waliokataa kuua na wakafa kwa kukataa huko. Wapo waliowaficha majirani. Lakini mafundisho ya miaka mingi yalikuwa juu ya dhambi ya mtu mmojammoja: ulevi, uzinzi, uongo. Juu ya kitambulisho cha kabila alichobeba kila mtu mfukoni, na juu ya maneno ya chuki redioni, mimbari nyingi zilinyamaza au zilikuwa karibu mno na watawala. Tunaamini kuokoka kulikuwa kwa kweli kwa wengi. Mafundisho ndiyo yaliyokuwa na tundu, nasi wa magharibi mwa Tanzania tuliyapokea kutoka chanzo kilekile.

7. Injili ya mafanikio si ndiyo haki kwa maskini?

Inamwahidi maskini utajiri, na anayetajirika kwa hakika ni mmoja. Kamati ya theolojia ya Lausanne ilikutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 kulichunguza jambo hili, na waliolichunguza walikuwa Waafrika. Walikubali kwamba Mungu hubariki na kuponya. Walikataa kwamba umaskini ni ushahidi wa kukosa imani. Mkulima aliyepunjwa kwenye mizani akiambiwa tatizo ni mbegu ndogo ya sadaka, amepunjwa mara mbili.

## Mimbari na sanduku la kura

8. Sheria inasemaje kuhusu dini na siasa?

Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inakataza kuandikishwa kwa chama kinachopigania maslahi ya dini. Kwa hiyo chama cha walokole hakiwezekani, na kwa maoni yetu ni afadhali. Maadili ya uchaguzi yanazuia kampeni katika nyumba za ibada. Makanisa husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, na usajili huo unaweza kufutwa: Juni 2025 ulifutwa ule wa kanisa la Askofu Josephat Gwajima, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge wa chama tawala, baada ya kuzungumzia utekaji wa watu.

Sisi hatutaji chama cha kupigia kura kwa sababu iliyo nje ya sheria. Katika benchi moja wanakaa wa CCM, wa ACT na wa CHADEMA. Mchungaji akitaja mmoja, wengine wawili Jumapili hiyo hawakuhubiriwa chochote.

9. Mgombea akija ibadani na kuomba "kusalimia tu"?

Akaribishwe kama wageni wengine, asimame, apungiwe mkono, akae. Kipaza sauti asipewe. Aombewe, na mpinzani wake aombewe kwa jina katika sala ileile. 1 Timotheo 2:1-2 haikubagua. Wazee wa kanisa wakubaliane hili miezi kabla ya kampeni na waliandike, maana siku gari linapofunga breki nje ya kanisa kila mtu husahau msimamo wake. Kuhusu bahasha anayoiacha, tazama swali la 19.

10. Warumi 13 inasema tuitii mamlaka. Kukosoa serikali si dhambi?

Paulo aliyeandika Warumi 13 ndiye yule wa Matendo 16, aliyekataa kutoka gerezani Filipi kimyakimya na kudai maofisa waliompiga bila hukumu waje wenyewe kumtoa. Ndiye pia aliyekata rufaa kwa Kaisari. Petro alisema mbele ya baraza, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Kutii mamlaka, kama tunavyolisoma fungu hilo, ni pamoja na kulipa kodi, kutofanya fujo, na kuikumbusha mamlaka kwamba ni mtumishi.

Makanisa ya nchi hii yamefanya hivyo. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki katika ujumbe wa Kwaresima, na maaskofu wa KKKT katika waraka wa Pasaka, walizungumzia kubanwa kwa uhuru na hofu iliyokuwa imetanda. KKKT waliandikiwa barua ya kutakiwa kuufuta waraka wao, na waziri husika akaikana barua hiyo baada ya kelele. Agosti 2023 TEC, baraza la maaskofu Wakatoliki, ilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari, likasomwa parokiani. Unaweza kutokubaliana na hoja zao za bandari, wako Wakristo wengi waliopinga, lakini huwezi kusema walitenda dhambi kwa kusema. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha hapa Tabora, aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposimama na wanyonge dhidi ya mifumo inayowakandamiza litakosa maana kwao.

Walokole tumekuwa wazito zaidi kuliko hao. Tunaandaa siku za maombi ya kuliombea taifa, na hilo ni jema. Ila ombi la "Mungu wape viongozi hekima" haliwezi kubeba kila kitu, hasa pale kiongozi mhusika amekaa safu ya mbele na ndiye anayeitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

11. Mkristo anaweza kumpigia kura Mwislamu?

Ndiyo, na Kigoma Ujiji watu wamefanya hivyo vizazi na vizazi bila kuuliza mtu. Unatafuta mtu wa kusimamia maji, zahanati na barabara ya Uvinza. Uliza alifanya nini na fedha za umma alipokuwa nazo. Mkristo mwizi akikuomba kura kwa jina la Yesu, hiyo ni sababu ya kumnyima mara mbili.

12. Mchungaji agombee ubunge?

Kwa Wakatoliki sheria ya Kanisa inawazuia makasisi. Kwa wengine hakuna katazo la jumla, na mifano ipo: Mama Rwakatare alikuwa mbunge wa viti maalumu, Mchungaji Peter Msigwa aliwakilisha Iringa Mjini miaka kumi. Mchungaji Christopher Mtikila ndiye mfano unaofundisha zaidi, kwa pande zote mbili. Aliipigania hoja ya mgombea binafsi mpaka Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikampa ushindi mwaka 2013, jambo lililomhusu kila raia. Huyohuyo, miaka ya 1990, alitoa kauli dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia ambazo hakuna Mkristo anayepaswa kuziiga.

Maoni yetu: akitaka kugombea, aweke chini kwanza uongozi wa usharika, asigombee akiwa na funguo za sanduku la sadaka.

## Haki iliyo jirani

13. Bibi jirani anatuhumiwa uchawi. Kanisa lifanye nini?

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo walokole wa Tabora tunapopimwa kuliko bungeni.

Katika Nzega, Igunga na maeneo ya jirani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma ambazo ushahidi wake ni macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la kuni wa miaka hamsini. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, kuna ng'ombe, kuna kijana anayetaka kurithi. Mganga mpiga ramli chonganishi anataja jina, wengine wanamaliza kazi. Ndugu zetu wenye ualbino wameteswa na soko hilohilo la waganga, na kituo cha Kabanga kule Kasulu kilijaa watoto waliokimbizwa kutoka kwao ili wasikatwe viungo.

Walokole tunaamini nguvu za giza zipo, na hatuoni haya kusema. Lakini mtumishi anapomwambia mgonjwa mbele ya watu kwamba "adui yako ni mwanamke mweusi mfupi anayeishi upande wa mashariki wa nyumba yenu", amepiga ramli. Kwamba aliipiga kwa jina la Yesu na kwa maikrofoni kunaifanya iwe mbaya zaidi. Tumemsikia binti mmoja akimuuliza mama yake njiani baada ya mkutano wa namna hiyo, "Mama, si ni bibi huyo?"

Kanisa linaweza kufanya mambo ya kawaida kabisa. Likataze unabii wa kutaja wachawi, na mtumishi mgeni aelezwe hivyo kabla ya kupewa mkutano. Tuhuma ikianza kunong'onwa, wazee wa kanisa wamtembelee bibi mchana, watu wakiona, wakae, wale. Mwenyekiti wa kitongoji na polisi wapewe taarifa mapema, na afisa ustawi wa jamii pia. Na kama kuna shamba linalogombaniwa, lisemwe kwa jina lake (swali la 16).

14. Nalima tumbaku Urambo. Sadaka yangu ya mavuno ni najisi?

Makanisa hayajibu sawa. Waadventista na Wapentekoste wengi hufundisha dhidi ya uvutaji, na baadhi ya sharika haziwapi uongozi wakulima wa tumbaku. Nyingine zimejengwa kwa fedha ya tumbaku kuanzia msingi hadi bati na hazisemi kitu. Kumhukumu mkulima peke yake tunaona ni uonevu: tumbaku ndiyo inayokuja na mkopo wa mbolea kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na mnunuzi mwenye mkataba, wakati mahindi yake yanangoja dalali.

Maswali mazito yako kwingine. Nani anachuma majani? Jani bichi lenye umande huingiza nikotini mwilini kupitia ngozi, na mtoto hutapika na kupata kizunguzungu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Mwalimu wa shule ya Jumapili anawajua watoto wanaopotea wakati wa mavuno, amuulize nani? Kuni za kukaushia mabanini zinatoka msitu gani wa miombo? Vibarua waliokuja kutoka mikoa mingine wakakaa msimu mzima wamelipwa, au mwenye shamba amewaambia "kampuni bado"? Yakobo 5:4 inazungumzia ujira wa wakulima uliozuiliwa kwa hila, kwamba unapiga kelele. Fungu hilo linamhusu pia mzee wa kanisa.

Na kuna haki anayodai mkulima mwenyewe: daraja la tumbaku lililoshushwa sokoni, deni la kikundi ambalo mwaminifu analipa kwa ajili ya mtoro. Walokole wanaojua hesabu wagombee nafasi katika bodi za AMCOS. Tunawaandaa vijana kuwa waimbaji, na vitabu vya ushirika tunawaachia wengine.

15. Mchungaji afungishe ndoa ya binti wa miaka 16 kama wazazi wameridhia?

Asifungishe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, lakini Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Tabora ni kati ya mikoa ambayo kwa muda mrefu imekuwa na viwango vya juu vya ndoa za utotoni. Hoja ya "tumfiche aibu, ana mimba" huwa inamficha mwanaume. Binti anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Serikali iliruhusu hilo Novemba 2021.

16. Mume amefariki, ndugu zake wanachukua shamba. Kanisa linaingiaje?

Linaingia mapema, wakati wa matanga, kabla kikao cha ukoo hakijagawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi. Mjane ahifadhi cheti cha ndoa na cheti cha kifo, afungue mirathi mahakama ya mwanzo, na asisaini karatasi aliyoletewa na shemeji usiku. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani ambao hawatozi ada. Kwaya iliyoimba msibani iende naye mahakamani siku ya kwanza. Ndugu wa mume wakiona sare za kwaya zimejaa benchi, maneno hupungua.

17. Wakimbizi wamekaa muda mrefu mno. Kanisa liwe upande gani?

Kigoma imebeba mzigo huu kuliko mikoa mingi: Warundi wa 1972, wa 1993, wa 2015, Wakongo wa 1996 ambao kwa ajili yao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Uchovu wa wenyeji una sababu, misitu imekwisha na visima vimekauka, na si haki kumwita kila anayelalamika mbaguzi.

Lakini Walawi 19:33 inasema mgeni akikaa pamoja nawe katika nchi yenu, msimtende mabaya. Mtu anayemlimisha mkimbizi siku tano kisha akamtisha kumripoti polisi badala ya kumlipa, ametenda lile hasa lililokatazwa. Mwanasiasa anayeomba kura kwa kuwatukana hao asipate makofi ya wapendwa. Tena wengi wetu tumechanganyika: Ulyankulu ilianza kama makazi ya Warundi wa 1972, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania. Wajukuu wao leo ni wachungaji wetu.

## Yaliyobaki

18. Mlokole lazima aiunge mkono Israel katika kila jambo?

Wako wanaofundisha hivyo kwa kusoma Mwanzo 12:3 kuhusu taifa la leo. Wako wanaosema ahadi zile zimetimia katika Kristo. Wote wawili wanaokoka. Tunawaombea Wayahudi, na tuliwalilia vijana wawili wa Kitanzania, wanafunzi wa kilimo, waliouawa kutokana na shambulio la Oktoba 7, 2023. Tunawaombea pia Wakristo Wapalestina, ambao wapendwa wengi hushangaa kusikia wapo; Askofu Munib Younan, Mlutheri wa Yerusalemu, aliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 2010 hadi 2017. Bendera ya taifa lolote madhabahuni, hata yetu, tunashauri iondolewe.

19. Mwanasiasa amechangia harambee ya bati. Turudishe?

Akichangia kama muumini, apewe risiti kama muumini na kiasi kisitangazwe. Akitaka jina kwenye jiwe la msingi au dakika tano za kuzungumza, mrudishieni. Mvua itawanyeshea msimu mmoja zaidi.

20. Kanisa langu halitaki kabisa kusikia haya. Nihame?

Usihame kwanza. Tafuta mpendwa mmoja au wawili, mchague jambo moja kati ya swali la 13 hadi la 17, mlifanye kimya kwa mwaka, na mchungaji mpelekeeni taarifa kila mara ili asisikie kwa wengine. Wachungaji wengi hawapingi. Wanaogopa ofisi ya mkuu wa wilaya, au wanamwogopa mwenye tumbaku nyingi usharikani. Kama suala ni mtoto au mwanamke anayepigwa, usisubiri ruhusa ya kanisa: dawati la jinsia na watoto liko kituo cha polisi cha wilaya, na unaweza kwenda leo.